Kushua Chombo Katika Ziwa Naivasha

Katika lugha yetu, kushua ni kukiteremsha chombo kutoka nchi kavu mpaka kielee majini. Neno hili ni la pwani, na watu wa pwani wamelizungushia maneno mengine mengi ambayo mgeni wa bara huyasikia bila kuyajua vema: maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu, diko la kuegeshea mashua, chombo kuelea na chombo kupwelewa. Kila neno kati ya hayo limebeba maarifa ya vizazi. Mtu wa Lamu au wa Pemba ajua kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili katika usiku na mchana mmoja, na kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Chombo chake kikipwelewa asubuhi hana haja ya kuhuzunika, maana jioni haijafika kitakuwa kimeelea tena. Bahari yaweza kumwua, lakini haimdanganyi katika hesabu ya maji.

Yapo maji mengine yasiyoufuata mwezi. Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa la Kenya, hujaa na kupwa kama bahari, ila kujaa kwake huchukua miaka, na kupwa kwake huweza kuchukua umri wa mtu. Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa hilo wakati wa kupwa aweza kuwa baba wa watoto kabla hajayaona maji yakirudi mahali babu yake alipoyaacha. Katika ufuo wa namna hiyo, swali jepesi la kushua chombo huwa swali la historia. Diko liko wapi? Ni la nani? Nani apite kwanza, na amstahi nani? Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba katika Naivasha adabu ya majini na haki ya kuyafikia maji zilikua pamoja, na kwamba ni vigumu kumdai mtu ile ya kwanza huku amenyimwa ya pili.

Yafaa kwanza tulitazame ziwa lenyewe. Naivasha iko yapata kilomita 90 kaskazini-magharibi ya Nairobi, juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,890. Maji yake huletwa hasa na mito miwili, Malewa na Gilgil. Hapana mto utokao ziwani kwenda kwingine juu ya ardhi, na kwa kawaida ziwa lisilo na mlango wa kutokea huwa la magadi, kama yalivyo maziwa jirani ya Nakuru na Elmenteita. Naivasha limesalimika kwa sababu maji yake hupenya chini ya ardhi, yakaondoka na chumvi. Jina latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yachafukayo, yaendayo na kurudi. Waliolipa jina hilo walilijua. Asubuhi ziwa hulala kama kioo, na baada ya adhuhuri upepo huinuka ukalichafua kwa muda mfupi mno. Mwenye mtumbwi mdogo aliyetoka saa nne za asubuhi bila kufikiri safari ya kurudi amelisahau jina la ziwa.

Lakini jina hilo lina ukweli mwingine ulio mrefu kuliko wa mawimbi ya alasiri. Mwaka wa 2000 Dirk Verschuren na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza tope lililojikusanya katika shimo la volkano lililozama karibu na Kisiwa cha Crescent, mahali penye kina kikubwa kuliko pengine pote ziwani. Tabaka za tope zile ni kama kurasa za kitabu. Wataalamu hao walisoma humo habari za miaka 1,100. Waliona kwamba tangu karibu mwaka 1000 mpaka 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko leo, na ziwa lilikuwa limepungua sana. Kisha tangu 1270 mpaka 1850 hivi mvua zilikuwa nyingi, ila nyakati tatu za ukame zikauingilia wingi huo: 1390 mpaka 1420, 1560 mpaka 1625, na 1760 mpaka 1840. Basi tukisema kwamba ziwa limerudi mahali pake, hatuna budi kuuliza: mahali pake pa karne gani?

Habari za karne ya ishirini twazijua kwa vipimo. Mwanzoni mwa karne hiyo maji yalikuwa juu. Baadaye yakapungua mwaka hata mwaka, na katikati ya miaka ya 1940 yakawa chini sana. Mvua kubwa za 1961 na zilizofuata ziliyainua tena. Yakashuka mwishoni mwa miaka ya 1980, yakashuka zaidi katika ukame wa 2009, kisha yakaanza kupanda, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamefunika mashamba, nyua na nyumba. Tofauti kati ya kilele na kina katika muda huo yazidi mita 10. Mtu asikiaye mita 10 aweza kuona ni kidogo, lakini upande wa kaskazini nchi ni tambarare, na maji yakishuka kwa kimo cha mtu mmoja ukingo husogea mbali, hata asimamaye juu ya diko la zamani huuona mstari wa maji kama uzi. Upande wa Kisiwa cha Crescent miteremko ni mikali, na kushuka kule kule hakusogezi ukingo ila hatua chache. Hata neno kisiwa halina uthabiti hapo: maji yakipungua, nchi huungana na kisiwa, na watu huenda kwa miguu mahali ambapo wengine walifika kwa mashua.

Kwa mwenye chombo, mambo haya yana maana ya kila siku. Mteremko wa saruji uliojengwa kwa gharama katika mwaka wa maji mengi hubaki nchi kavu katika mwaka wa maji machache, ukawa kama ngazi isiyofika dari. Mwenye haraka huupita, akalishusha gari lake na mashua juu ya udongo ulioachwa na ziwa, na udongo ule juu ni mkavu lakini chini ni tope jororo, nao huyameza magurudumu mpaka kitovuni. Wahenga walisema kwamba mpiga mbizi nchi kavu huchunua usowe. Katika Naivasha nchi kavu yaweza kumpiga mbizi mtu na gari lake. Maji yakijaa, taabu hubadilika sura tu. Gati huzama, na vigingi vya nyua, miti iliyokufa na nyaya za mashamba hufichwa chini ya maji yaonekanayo safi. Aongozaye mashua juu ya shamba lililozama hupita juu ya miiba asiyoiona. Tena kuna mafunjo. Mapande makubwa ya mafunjo hukatika yakaelea kama visiwa, na upepo huyasukuma yakaziba diko usiku mmoja. Aliyelala akiwa na njia huamka hana njia.

Ndiyo maana mwendeshaji mwenye uzoefu wa Naivasha huanza kwa kuuliza kabla hajashua. Huuliza maji yako wapi wiki hii, upepo wa jana uliyapeleka wapi magugu, na viboko wamehamia upande gani. Swali la mwaka uliopita halina jibu leo. Nahodha wa pwani hubeba hesabu ya maji kichwani mwake, lakini nahodha wa ziwa hilo huipokea kutoka kwa wenzake kila asubuhi. Hapa twaona asili ya kwanza ya adabu: mahali pasipo na kalenda ya maji, kila mtu humhitaji jirani yake amwambie habari. Asiyesalimu hapati khabari, na asiyepata khabari hupwelewa.

Tugeukie sasa watu. Kabla ya wageni kutoka Ulaya, Naivasha ilikuwa nchi ya Wamaasai, na ziwa lilikuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe. Misafara ya pwani iliijua njia hiyo. Gustav Fischer, Mjerumani, alitoka Pangani pamoja na wapagazi wa pwani akafika Naivasha mwaka 1883, na Joseph Thomson, Mskoti, alipita huko katika mwaka huo huo. Watu hao walilikuta ziwa pana lisilo na uvuvi. Sababu ilikuwa ya asili: katika maji yale aliishi samaki mdogo mmoja tu wa kienyeji, asiyetosha kumtia mtu hamu ya kuchonga mtumbwi, wala Wamaasai hawakuwa watu wa kula samaki. Kwa hiyo haki iliyotakiwa wakati huo ilikuwa haki ya kwato. Njia za ng'ombe kushuka majini ndizo zilizokuwa madiko ya Naivasha.

Njia hizo zilikatwa kwa kalamu. Mwezi Agosti 1904 Sir Donald Stewart, mkuu wa serikali ya kikoloni, na Olonana, laibon wa Wamaasai, walitia alama zao katika mapatano ambayo kwayo Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, na sehemu za Naivasha zikiwamo, wengine wakapelekwa kaskazini Laikipia na wengine kusini. Mapatano yalisema yatadumu muda wote Wamaasai watakapokuwako kama taifa. Hayakudumu miaka 10. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano mengine ya kuwatoa Laikipia nako, na shauri walilolileta mahakamani lilitupwa mwaka 1913. Ardhi ya ukingo wa ziwa ikagawanywa kuwa mashamba ya walowezi, kila shamba likishuka mpaka majini. Tangu hapo, atakaye kuyafikia maji hupita katika ardhi ya mtu au huomba ruhusa.

Walowezi hao ndio walioleta samaki, na samaki wakaleta mashua. Katika miaka ya 1920 walitiwa ziwani perege, na besi wa Marekani ambaye ni samaki apendwaye na wavuvi wa mshipi kwa sababu ya ukali wake wa kupigana na ndoana. Uvuvi huo haukuwa wa chakula. Ulikuwa mchezo wa Jumamosi na Jumapili. Hivyo chombo cha Naivasha kilizaliwa kikiwa chombo cha burudani, tofauti na mtumbwi wa Nyanza au ngalawa ya Unguja ambayo ilizaliwa ikiwa chombo cha riziki. Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Mahali ambapo mashua ilitangulia kuwa ya riziki, sheria za diko ziliwekwa na wavuvi, na mtu wa matembezi alikuja baadaye akazikuta. Naivasha mambo yalikuwa kinyume: mtu wa matembezi alitangulia akiwa na ardhi, mashua na desturi zake, na mvuvi wa riziki alipokuja alikuta ufuo umeshagawanywa.

Maji yalipoanza kupungua, likazuka swali ambalo sheria haikulitazamia. Ziwa linaporudi nyuma huacha nchi mpya, yenye rutuba nzuri. Nchi hiyo ni ya nani? Mwaka 1933 serikali ilipatana na wenye mashamba ya ukingoni kwamba mpaka uwe mstari wa futi 6,210 juu ya usawa wa bahari. Juu ya mstari huo ilikuwa mali yao. Chini yake walipewa ruhusa ya kuitumia ardhi iliyoachwa na maji, kulima na kulisha, bila ya kujenga majengo ya kudumu, maana maji yalitarajiwa kurudi. Mapatano hayo yalikuwa na busara ndani yake. Yalikiri kwamba ziwa lina haki ya kurudi. Lakini hayakumtaja mtu asiye na shamba. Mstari wa futi 6,210 ulisema nani atalima tope, usiseme nani atapita juu ya tope kwenda majini.

Kwa muda mfupi Naivasha iliona vyombo vya ajabu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege za majini za shirika la Kiingereza la BOAC zilitua katika ziwa hilo kwa abiria wa Nairobi, nao wakamaliza safari yao kwa barabara. Safari hizo zilikoma mwaka 1950. Ndege ya majini haina msamaha: inahitaji maji marefu yaliyo wazi, yasiyo na mapande ya mafunjo, mtumbwi wala mgongo wa kiboko. Kwa hiyo iliwafundisha watu wa ziwa somo ambalo bado lina faida, kwamba chombo kisichoweza kusimama upesi chapaswa kuachiwa njia, na kwamba mwenye chombo hicho apaswa naye kuhakikisha njia iko wazi kabla hajaanza mwendo.

Mwaka 1959 ziwa lilifunguliwa kwa uvuvi wa biashara wa nyavu. Baada ya uhuru wa 1963 mji ulikua, na tangu miaka ya 1970 mashamba ya maua yakaenea ukingoni na kuwaita wafanyakazi maelfu kwa maelfu kutoka pande zote za Kenya. Watu hawa walihitaji kitoweo, na vijana wao walihitaji kazi. Uvuvi ukawa mkubwa kuliko nguvu za ziwa, hata mwaka 2001 serikali ikaufunga kwa muda ili samaki wapate kuzaa. Leo wavuvi na waendeshaji wa mashua za matembezi hukutana katika madiko machache ya umma, kama Karagita na Kamere, huku sehemu kubwa ya ufuo ikiwa nyuma ya nyua za mashamba na hoteli. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 62, yasema kwamba maziwa ni ardhi ya umma. Basi maji ni ya wote, na njia ya kuyafikia ni ya wachache. Mwananchi ni kama mtu aliyerithishwa kisima kilicho katikati ya shamba la jirani.

Haitakuwa haki kunyamaza juu ya hoja ya upande wa pili. Wenye ardhi ya ukingoni husema kwamba ufuo uliofungwa ni ufuo uliohifadhiwa: mafunjo huchuja tope liletwalo na mito, ndege hupata mahali pa kuzalia, na samaki wadogo hupata maficho. Kila diko jipya ni pengo katika mafunjo. Hoja hii ina ukweli, na chama cha wenye ardhi hao kilikuwa na mkono mkubwa katika juhudi zilizoliingiza ziwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia, mwaka 1995. Hata hivyo, mafunjo yamekatwa kwa sababu nyingi, na mashamba yenyewe ni mojawapo. Na tena, madiko machache mno hayahifadhi kitu. Watu wote wakisongamana mahali pamoja, mahali hapo huharibika, na wengine hujipenyeza usiku mahali pasiporuhusiwa, pasipo mwangalizi wala msaada wakizama.

Sasa tuizungumze adabu yenyewe. Sheria za njia majini zinazofuatwa leo duniani zilianza kupangwa mwaka 1863, Uingereza na Ufaransa zilipopatana juu ya kanuni za kuepusha migongano, na mataifa mengine yakazikubali. Kanuni za sasa ziliandikwa London mwaka 1972, zikaanza kutumika 1977. Zasema, miongoni mwa mengine, kwamba vyombo viwili vya mtambo vikikabiliana uso kwa uso kila kimoja kigeuke kulia kwake. Kwamba apitaye mwenzake kutoka nyuma ndiye ampishe. Na kwamba chombo cha mtambo kikipishe chombo cha tanga. Lakini kanuni hizo zimewekwa kwa bahari kuu na maji yaliyoungana nayo ambayo meli za baharini zaweza kupita. Naivasha haijaungana na bahari kwa mto wowote. Kwa hiyo juu ya maji yake kanuni hizo hukaa kwa sheria za nchi na kwa desturi ya watu wenyewe. Ni adabu kabla ya kuwa amri, na adabu huvunjika upesi kuliko amri ikiwa watu hawaoni sababu yake.

Sababu zenyewe si ngumu kuziona. Tuanze nchi kavu, maana adabu ya chombo huanza kabla hakijalowa. Diko likiwa moja na wenye vyombo wakiwa wengi, kila dakika ya mtu mmoja juu ya mteremko ni dakika iliyochukuliwa kwa mwingine. Kwa hiyo mstaarabu hufungua kamba zake, hupakia mizigo yake, huziba tundu la kutolea maji na kuwavalisha abiria majaketi ya kujiokolea akiwa pembeni, kisha ndipo ashuke. Akiisha kushua husogeza chombo kando, huondoa gari, na kuwaachia wengine nafasi. Aliyenasa topeni husaidiwa na waliopo. Pwani hakuna ashuaye jahazi peke yake, na ule mwito wa wavutao mzigo mzito kwa pamoja, harambee, ambao Kenya iliufanya wito wa taifa tangu 1963, ni mwito wa mikono juu ya kamba moja. Mtu asaidiwaye kuvutwa kisha akaondoka bila kumvuta aliye nyuma yake amekula deni.

Majini, jambo la kwanza ni kumwogopa mwenye nguvu ndogo kuliko wewe, yaani kuogopa kumdhuru. Mtu wa makasia hawezi kumkimbia mtu wa mtambo. Mvuvi aliyesimama ndani ya mtumbwi akivuta wavu hawezi hata kugeuka. Mashua ya matembezi ikimpita kwa kasi, mawimbi yake humfikia baada ya yenyewe kwenda zake, na aliyeyaleta hayupo kuona yaliyotokea. Watu wengi wa matembezi hawana nia mbaya. Kosa lao ni kwamba hawatazami nyuma. Hali kadhalika rafadha ikikata wavu, mwenye mashua hupoteza robo saa kuifungua, lakini mvuvi hupoteza mapato ya siku nyingi. Maboya madogo ya nyavu, mengine yakiwa chupa tupu za plastiki, ni maandishi ya mali ya mtu juu ya maji. Asiyeweza kuyasoma na aende polepole. Mwenda pole hajikwai.

Jambo la pili ni viboko, ambao ni raia wa ziwa wenye madai ya zamani kuliko yetu sote. Mchana hukaa katika maji ya kina kidogo, aghalabu karibu na mafunjo, na usiku hutoka kwenda kulisha. Kiboko aliyetishwa hukimbilia maji marefu, na hatari kubwa ni kuwa kati yake na maji hayo. Kwa hiyo desturi ya waendeshaji ni kuzunguka kwa upande wa nje, mbali, na kutokata njia kati ya mafunjo na kundi. Lakini hata hapa mpaka wa nchi una neno. Nyua zimeziba njia nyingi ambazo viboko walizitumia kwenda malishoni, na maji yakijaa hujikuta wao, ng'ombe, wavuvi na watembezi wakisukumwa katika mapito yale yale machache. Watu wanapouawa au kujeruhiwa na viboko, lawama humwangukia mnyama, na pengine mvuvi aliyeingia mafunjoni kwa miguu. Haiulizwi kwa nini mvuvi alikuwa mafunjoni badala ya kuwa dikoni.

Jambo la tatu ni kutokuwa mchukuzi wa mbegu. Hakuna ziwa katika nchi zetu lenye ushahidi mzito wa jambo hili kuliko Naivasha. Katika miaka ya 1960 ziwa lilivamiwa na gugu lieleleo, Salvinia molesta, ambalo asili yake ni Brazil. Mwaka 1970 walitiwa kamba wa maji baridi wa Louisiana, nao wakala mimea ya chini ya maji mpaka sehemu nyingine zikabaki uchi. Mwaka 1988 likaonekana gugu maji lenye maua ya zambarau, linalofunga madiko hata leo. Yule samaki mdogo wa kienyeji, mwenyeji wa pekee, hakuonekana tena baada ya miaka ya 1960. Baadhi ya wageni hao waliletwa kwa makusudi. Lakini kipande cha gugu kishikacho rafadha au sakafu ya mashua hakihitaji kusudi la mtu. Husafiri naye kimya juu ya gari lake, na ashuapo katika ziwa jingine hushua chombo pamoja na maangamizi. Kuosha na kukausha chombo kabla ya kukihamisha ni adabu kwa watu ambao hutakutana nao kamwe.

Turudi kwenye swali la mwanzo, maana mwaka 2020 ziwa lenyewe lililileta upya. Maji yalipopanda yaliingia katika mtaa wa Kihoto, watu wakazihama nyumba zao. Hoteli nazo zilipoteza bustani na magati. Ripoti ya serikali juu ya kujaa kwa maziwa ya Bonde la Ufa ilitolewa mwaka 2021, na mvua nyingi zikatajwa kuwa sababu kubwa. Wengi walisema ziwa limevamia watu. Aliyesoma habari za 1933 ajua kwamba mstari uliandikwa zamani na kwamba maji yalitarajiwa kurudi. Ila mpangaji wa chumba kimoja hakupewa kamwe karatasi ya futi 6,210. Aliyejua mpaka alikuwa na shamba kubwa la kusogea nyuma. Asiyejua alikuwa na chumba tu, na juu ya paa la chumba hicho chombo cha matembezi chaweza leo kupita na abiria wake wakipiga picha za ndege.

Kutokana na haya yote twaweza kutoa shauri la mambo mawili. La kwanza, madiko ya umma ya Naivasha yapangwe kwa mwendo wa ziwa: yawe ukanda wa njia ushukao kutoka barabarani hata kwenye maji ya chini kabisa yaliyopata kupimwa, ili maji yakienda, njia iyafuate, na yakirudi, isiwepo nyumba iliyojengwa juu yake. La pili, adabu za diko na za majini ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, kwa maneno ambayo tayari tunayo, nazo ziwekwe na wavuvi, waendeshaji na wenye ardhi wakiwa wamekaa pamoja. Kanuni iliyotungwa na upande mmoja hutiiwa na upande mmoja.

Mtu akizuiwa dikoni hawezi kufundishwa adabu ya diko, kwa kuwa atajifunza mlango wa uani, na mlango wa uani una adabu yake. Wamaasai walizifahamu njia za kwato, walowezi wakaufahamu mstari wao, na wavuvi wa leo wanaifahamu miaka ya samaki na miaka ya njaa. Maji yamewaona wote, yakaja na kwenda juu ya alama zao. Mwenye kutaka kushua chombo Naivasha na aulize kwanza maji yako wapi, kisha amwulize jirani yake, nao waliopewa mamlaka wahakikishe kwamba jirani huyo anayo njia ya kupita.